Shira, Fuwele na Mapambo ya Vitafunio

Katika nyumba nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani huwa ni siku za visheti. Unga hukandwa kwa samli na tui, hukatwa vipande, hukaangwa mpaka ukageuka rangi ya dhahabu, kisha vipande hivyo hutiwa ndani ya shira ya sukari na kupinduliwa kwa mwiko mpaka kila kimoja kivae ganda jeupe na kavu, mfano wa ukuta uliopakwa chokaa siku ile ile. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini hakuna mpishi wa visheti asiyeijua siku ambayo mambo hayakwenda hivyo: unga ni ule ule, sukari ni ile ile, na mkono ni ule ule, ila shira imekataa kukauka. Visheti vinashikamana, vinanata vidoleni, na chini ya sahani panatuama utomvu. Anayewapikia watoto wake atavumilia. Anayepika kwa kuuza, ambaye amekwisha kupokea fedha za watu na kukopa samli dukani, hana pa kuvipeleka.

Aghalabu lawama huangukia sukari, kwamba si nzuri kama ya zamani, au mkaa, au jicho la jirani aliyepita mlangoni. Sababu yenyewe ni ndogo kuliko hizo zote, nayo ni maji. Katika sufuria yenye nusu kilo ya sukari, tofauti kati ya visheti vilivyovaa vyema na visheti vilivyolowa yaweza kuwa vijiko viwili na nusu tu vya maji. Makala haya yanakusudia kueleza vijiko hivyo viwili na nusu vinatoka wapi, na kwa nini sukari ile ile, katika sufuria ile ile, huweza kuwa ganda la visheti, mng'ao wa kaimati, theluji ya keki au kioo cha kashata.

Sukari na maji yake

Punje ya sukari ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana kuwa na pande bapa na pembe zilizochongoka, kana kwamba imekatwa na fundi wa vito. Hiyo ni fuwele. Ndani yake molekuli za sukari zimepangwa safu kwa safu, kila moja mahali pake, kama matofali ya ukuta. Kila molekuli ina atomi 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni, nayo ni muungano wa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi. Muungano huu utahitajika kukumbukwa itakapofikiwa habari ya ndimu. Neno "sukari" lenyewe lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti cha Bara Hindi, ambako lilikuwa na maana ya changarawe. Watu wale wa kale waliipa fuwele jina linaloistahili.

Sukari inapotiwa majini, matofali ya ukuta hubomoka na molekuli husambaa kati ya molekuli za maji. Lakini maji yana kikomo chake, na kikomo hicho hupanda kadiri joto linavyopanda. Gramu 100 za maji yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi, ambalo ndilo joto la kawaida la jiko la pwani, huweza kuyeyusha kiasi cha gramu 215 za sukari. Maji hayo hayo yakifikia nyuzi 100 huyeyusha kiasi cha gramu 487. Basi shira iliyoyeyushwa motoni ikaachwa ipoe hujikuta imebeba sukari zaidi ya uwezo wa maji yake. Sukari iliyozidi haina budi kutoka, nayo hutoka kwa njia moja tu, yaani kwa kujipanga upya kuwa fuwele.

Ganda la visheti ni hilo. Sukari ilikuwa fuwele dukani, ikabomolewa motoni, ikajengwa upya juu ya kipande cha unga. Kazi yote ya mpishi ni kuhakikisha kwamba inajengwa kwa wingi wa kutosha, tena kwa wakati unaotakiwa.

Hesabu ya sufuria moja

Tuseme mpishi ametia sufuriani gramu 500 za sukari na kikombe kimoja cha maji, yaani gramu 250. Shira inapochemka maji hutoka kama mvuke, ila sukari hubaki. Kwa hiyo shira huzidi kuwa nzito, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo nyuzi za mchemko wake zinavyopanda. Maji matupu, katika usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100 wala hayapandi zaidi hata moto ukichochewa namna gani. Shira haifuati sheria hiyo. Sukari inapofikia asilimia 80 ya uzito wote, shira huchemka kwa nyuzi 112 hivi. Inapofikia asilimia 85, huchemka kwa nyuzi 115 au 116. Mwenye kipimajoto anaweza kusoma kiasi cha maji yaliyobaki kwa kutazama joto peke yake.

Sasa sufuria hiyo iondolewe motoni ikiwa kwenye asilimia 80. Ndani yake mna gramu 500 za sukari na gramu 125 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 30, maji hayo yataendelea kushikilia kiasi cha gramu 270 za sukari, na gramu 230 tu ndizo zitakazotoka kuwa fuwele. Zaidi ya nusu ya sukari itabaki ikiwa utomvu mzito unaozunguka fuwele hizo, na utomvu huo ndio unaonata vidoleni.

Shira hiyo hiyo ikiachwa motoni dakika chache zaidi mpaka asilimia 85, maji yaliyobaki ni gramu 88. Hayo huweza kushikilia gramu 190 za sukari. Gramu 310 hutoka. Fuwele sasa zimeushinda utomvu. Maji machache yaliyosalia hunywewa na unga mkavu wa visheti au hukauka hewani wakati wa kupindua, maana visheti bado ni vya moto. Ganda hukauka. Tofauti ya maji kati ya sufuria hizi mbili ni gramu 37, yaani vile vijiko viwili na nusu vya chakula vilivyotajwa mwanzo.

Wapishi wa zamani hawakuwa na kipimajoto, wala hawakukihitaji sana. Walichota tone la shira, wakalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, wakavifungua taratibu. Shira changa hukatika. Shira iliyoiva huvuta uzi. Njia hiyo ina sayansi ndani yake, kwa sababu uzito wa shira na kiasi cha maji yaliyomo ni mambo yanayokwenda pamoja. Kasoro yake ni kwamba uzi wa asilimia 80 na uzi wa asilimia 85 hutofautishwa na vidole vyenye mazoea ya miaka, na binti anayejifunza hana miaka hiyo. Zaidi ya hayo, vidole huungua.

Njia iliyo wazi zaidi ni mizani. Sufuria tupu ipimwe na uzito wake uandikwe. Sukari ikiwa gramu 500, shira itakuwa imefikia asilimia 85 wakati vilivyomo ndani ya sufuria vina uzito wa gramu 590 hivi. Ubao mdogo ukiwekwa juu ya mizani kuizuia isiunguzwe, nao ukihesabiwa katika uzito, kipimo chaweza kurudiwa mara mbili tatu bila taabu.

Mizani ina fadhila nyingine ambayo wapishi wa bara watapendezwa nayo. Mahali palipoinuka, mgandamizo wa hewa ni mdogo na kila kitu huchemka kwa joto pungufu. Kwa kila meta 300 za kupanda, maji hupoteza karibu uzi mmoja. Nairobi, ambako mwinuko ni kiasi cha meta 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95 tu, na mji wa Mbeya hauko mbali na hapo. Mpishi aliyehamia huko kutoka Mombasa au Tanga, naye akang'ang'ania kungoja nyuzi 115 alizozizoea, atakuwa ameikausha shira kupita kiasi. Itamgandia sufuriani kabla visheti havijaingia. Mwenye kutaka kutumia kipimajoto bara na akitie kwanza katika maji matupu yanayochemka, asome, kisha aongeze 15. Mizani haina haja ya hesabu hiyo, kwani gramu 590 za Mbeya ni gramu 590 za Tanga.

Ifaa pia kusema neno juu ya kikombe cha maji cha mwanzo. Wako wanaotia vikombe viwili kwa hofu kwamba sukari haitayeyuka. Itayeyuka hata kwa kimoja. Kikombe cha pili hakina kazi ila kuchemshwa mpaka kitoke, na kugeuza gramu 250 za maji kuwa mvuke huhitaji kiasi cha kilojuli 565 za joto. Jiko likiwa linafikisha sufuriani robo ya joto la mkaa wake, hapo pameungua gramu 75 za mkaa bure. Kwa sufuria moja si kitu. Kwa mwenye kupika sufuria kumi kwa siku ni karibu robo tatu ya kilo.

Mwiko, weupe na ndimu

Shira ikifikia kiasi chake huepuliwa, na visheti hutiwa. Hapa ndipo mwiko unapopata kazi isiyodhaniwa. Shira iliyopoa kidogo inaweza kubeba sukari ya ziada kwa muda bila kuitoa, mradi haijaguswa. Ikiachwa itulie, fuwele chache zitachipua hapa na pale na kukua taratibu mpaka ziwe kubwa na za kukwaruza ulimi. Ikikorogwa kwa bidii, kila mzunguko wa mwiko huzaa maelfu ya fuwele changa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa sukari inagawanywa kwa nyingi hivyo, hakuna inayopata nafasi ya kuwa kubwa. Ganda huwa laini. Ndiyo maana mpishi hodari hapumziki kati ya kuepua na kukauka, hata mkono ukichoka.

Weupe wa ganda hutokana na wingi huo huo. Fuwele moja ya sukari haina rangi. Ni angavu kama kioo. Lakini mwanga unapoingia katika rundo la fuwele ndogo hugonga pande zisizo na idadi, hutawanywa huku na huku, na humrudia mtazamaji ukiwa mweupe. Povu la bahari ni jeupe kwa sababu ya namna hiyo hiyo, ingawa maji yake si meupe.

Huenda shira ikaganda mapema, visheti vikiwa nusu vimevaa na nusu vitupu. Hilo si hasara. Sukari haiharibiki kwa kuganda. Vijiko vitatu vya maji na moto mdogo huirudisha kuwa shira, na kazi huanza upya. Vivyo hivyo visheti vilivyolowa huweza kurudishwa juu ya moto hafifu na kupinduliwa mpaka maji ya ziada yatoke. Lakini pana kosa moja ambalo moto hauwezi kulirekebisha, nalo ni ndimu.

Ndimu hutiwa katika shira ya kaimati, na humo inastahili. Kaimati hazitaki ganda. Zinatakiwa zing'are, shira izifunike kama kioo laini kisichoganda hata zikilala usiku kucha. Asidi ya ndimu, ikichemka pamoja na sukari, huukata ule muungano uliotajwa mwanzo na kuziachilia glukosi na fruktosi zijitegemee. Hizi ni matofali ya umbo jingine. Fuwele ya sukari inapojaribu kujijenga hukutana nazo kila upande, hazilingani na safu, na ujenzi hukwama. Maji ya nusu ya ndimu katika nusu kilo ya sukari yanatosha. Shira ya kaimati huepuliwa mapema, sukari ikiwa asilimia 70 hivi, maana shira nzito zaidi hukaa nje ya donge kama gundi, na nyepesi zaidi hulinywesha mpaka likapondeka.

Basi mpishi aliyeona uzuri wa ndimu katika kaimati huweza kushawishika kuitia katika shira ya visheti pia, labda kwa ajili ya harufu. Akishafanya hivyo ameweka kizuizi mbele ya kitu kile kile anachokitaka. Atachemsha, atakoroga, na shira itabaki kumeremeta. Mbaya zaidi, fruktosi ni mwenye kiu: huanza kuvuta maji kutoka hewani mara unyevu unapozidi asilimia 62 hivi, hali sukari ya kawaida hustahimili mpaka karibu asilimia 85. Katika hewa ya pwani tofauti hiyo ni kubwa. Asali, ambayo kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, huleta matokeo hayo hayo. Anayetaka harufu katika visheti ana hiliki, na hiliki haimdhuru mtu.

Jambo moja halina budi kusemwa kabla ya kuiacha shira. Maji yanayochemka yakimrukia mtu huteleza na kupoa. Shira ya nyuzi 115 hushika ngozi na kuendelea kuunguza. Mtoto asiwe karibu na sufuria hiyo wala asipewe mwiko wa kulamba. Aliyeunguzwa amwagiwe maji baridi ya bomba au ya kata kwa muda wa dakika 20, bila kupakwa samli, yai wala dawa ya meno, kisha kama jeraha ni kubwa au lipo usoni apelekwe hospitali.

Keki

Pambo la keki lililo jepesi kuliko yote ni sukari ya unga iliyochekechwa juu yake. Ulimi wa binadamu hauwezi kuhisi chembe iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya arobaini ya milimita. Chini ya hapo kitu huonekana kuwa laini kama hariri. Sukari ya viwandani husagwa kukaribia kiasi hicho na huchanganywa na wanga kidogo wa mahindi ili isishikane. Sukari iliyosagwa nyumbani hufaa pia, ila ichekechwe kwa kitambaa chepesi, iongezwe kijiko kidogo cha wanga huo, na itumiwe siku hiyo hiyo.

Kwa ganda la kumiminia, gramu 200 za sukari ya unga huchanganywa na vijiko viwili vya maji au vya maji ya ndimu. Mtu anaweza kushangaa vipi vijiko viwili vinatosha. Havitoshi, na hiyo ndiyo siri. Gramu 30 za maji huyeyusha kiasi cha gramu 65 za sukari peke yake. Gramu 135 hubaki zikiwa chembe, zinaelea. Maji yanapokauka, sukari iliyoyeyuka hugeuka kuwa fuwele zinazounganisha chembe hizo moja kwa moja, kama saruji iunganishavyo mchanga. Ndimu haidhuru hapa kwa kuwa haichemshwi, na muungano wa sukari haupati nafasi ya kukatika.

Keki lazima iwe imepoa kabisa. Kila mpishi ameambiwa hivyo, na kila mwenye haraka amelipuuza neno hilo. Juu ya keki yenye joto la nyuzi 60, yale maji ya gramu 30 huyeyusha sukari kiasi cha gramu 86 badala ya 65, na juu ya hilo umajimaji wenyewe huwa mwepesi zaidi. Ganda huteleza mpaka kwenye sinia, na juu ya keki hubaki utando unaopenyeza rangi ya chini. Hakuna namna ya kulirudisha.

Ganda gumu la keki za arusi, lile la kuchorea maua na herufi, hutengenezwa kwa ute mweupe wa yai. Protini za ute zinapopigwa hukunjuka na kushikana pande zote za mapovu, na sukari huimarisha nyuzi hizo zikauke wima. Ni pambo zuri, lakini yai bichi laweza kuwa na bakteria wa salmonela, ambao huwaumiza wengi na huwahatarisha watoto wachanga, wazee na wajawazito. Arusi ni mahali ambapo wote hao hukusanyika. Ute na sukari huweza kupigwa pamoja ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71, ndipo bakuli liondolewe na upigaji uendelee hadi mchanganyiko upoe. Sukari iliyo nyingi huuzuia ute usigande kwa joto hilo, jambo ambalo ute mtupu usingelivumilia. Asiye na kipimajoto na atumie ute uliokaushwa wa dukani uliokwisha kupashwa moto kiwandani, au abaki na ganda la ndimu, ambalo halina yai kabisa.

Rangi zaweza kutoka jikoni. Zafarani iliyoloweshwa katika kijiko cha maji ya moto hutoa manjano yenye harufu. Manjano yenyewe, yaani bizari ya manjano, hutoa rangi kali zaidi, lakini isikutane na magadi ya kuumulia, kwani hugeuka kuwa nyekundu ya matofali. Rozela ni ya kupendeza kuliko zote. Maua yake makavu yakichemshwa kwa maji machache hutoa wekundu wa damu ya mzee, nao hudumu mradi pana asidi. Ndimu huuzidisha, magadi huugeuza kuwa samawati iliyofifia isiyovutia mlaji. Kwa kuwa maji ya rozela ni machachu yenyewe, huweza kuchukua nafasi ya ndimu katika ganda la kumiminia na kutia rangi kwa mara moja.

Sukari iliyo kioo

Imebaki hali moja ya sukari, ambayo haina fuwele hata kidogo. Shira ikiendelea kuchemka kupita nyuzi 150, maji yaliyomo hupungua mpaka asilimia moja au mbili tu. Ikipozwa upesi, molekuli hukamatwa zilipo, vurugu tupu, kabla hazijapata muda wa kujipanga. Kitu kinachotokea ni kigumu, angavu na chepesi kuvunjika: ni kioo kwa maana kamili ya neno. Kuanzia nyuzi 160 na kuendelea sukari huanza kuvunjika na kupata rangi ya hudhurungi, harufu, na uchungu kidogo. Kashata ya karanga hushikwa na kioo cha namna hiyo. Kashata ya nazi, kinyume chake, ni fuwele, na ndiyo sababu hii humung'unyika na ile hulia kati ya meno. Nyuzi za karameli zinazochorwa kwa kijiko juu ya karatasi iliyopakwa mafuta, kisha zikasimamishwa juu ya keki, ni kioo pia.

Kioo hiki hakina safu za kukilinda, na hewa ya pwani ni adui yake. Huvuta unyevu mara kinapoachwa wazi, uso wake hunata, na baada ya saa chache katika siku ya masika nyuzi zilizosimama huinama na kulala. Kuiweka ndani ya jokofu hakusaidii, kwa kuwa kitu baridi kikitolewa hufunikwa na umande. Kwa hiyo mapambo ya karameli hufanywa siku yenyewe, karibu na saa ya kuandaa, au hutiwa katika kopo lenye kifuniko cha kubana mara yanapopoa.

Visheti vina subira zaidi. Vikiwa vimevaa fuwele kavu huweza kufanywa juma zima kabla ya Idi na kuhifadhiwa koponi, kwa sharti moja: vipoe kabisa juu ya sinia pana kabla ya kufunikwa, kwani mvuke wao wenyewe ukinaswa ndani ya kopo hugeuka kuwa matone chini ya kifuniko na kuvilowesha vile vya juu kwanza.